Njema, Ila

Waliohudhuria kikao cha dharura cha Baraza la Utulivu wa Taifa walikuwa hawa: Mheshimiwa Ngwali Pazia, Waziri wa Utulivu, Mwenyekiti, Jenerali Sudi Kifumbu, Mkuu wa Majeshi, Profesa Akilimali Nyenzi, Mshauri wa Taifa wa Adabu na Utambulisho, na Bi. Tunu Shekivuli, Katibu. Hakuwapo mtu mwingine, isipokuwa mhudumu aliyeingiza chai na kutoka, na simu ya upepo iliyokaa juu ya meza ya pembeni, imefunikwa kitambaa cheupe chenye maua ya kufumwa.

Kikao kiliitwa saa mbili asubuhi. Kwa kuwa kilikuwa cha dharura, Mwenyekiti aliagiza salamu zifupishwe.

“Waheshimiwa, habari za asubuhi?”

“Njema.”

“Za kuamka?”

“Njema.”

“Za nyumbani? Za watoto?”

“Njema,” wakajibu wote kwa pamoja, na Bi. Tunu alikuwa miongoni mwao.

Bi. Tunu alikuwa na mtoto mmoja tu, Sajini Stara, mkuu wa kituo cha mpakani kiitwacho Kikomo. Habari za mtoto huyo hazikuwa njema. Jeshi la nchi jirani lilikuwa limempa yeye na askari wake kumi na mmoja hadi saa sita mchana wa siku hiyo wawe wameondoka hapo, na sheria ya nchi yao iliwakataza kuondoka bila amri. Amri ilipaswa kutoka katika Baraza hili. Baraza hili lilikuwa bado linasalimiana.

“Jenerali, na yule ng'ombe wako?”

“Njema, Mheshimiwa. Amezaa.”

“Hongera. Za ndama?”

Bi. Tunu aliitazama saa ya ukutani. Alikuwa amechoka. Haukuwa uchovu wa kukosa usingizi. Ulikuwa uchovu wa mtu aliyepiga hodi kwenye nyumba moja kwa miaka mingi, na kila siku akajibiwa karibu, na kila siku mlango ukabaki umefungwa. Salamu ziliisha saa nne na nusu.

*

Jina la nchi yenyewe halina haja ya kutajwa. Wenyeji waliiita Kwetu. Majirani, kwa wakati huo, walikuwa bado wanaiita Kwao.

Inasimuliwa, na kila mtoto wa shule huko aliisoma hadithi hii kabla hajajifunza kujumlisha, kwamba siku bendera ya kwanza ilipopandishwa, mabalozi wa nje walimwendea Mwasisi wa Taifa wakamuuliza, “Habari za nchi?” Nyuma ya Mwasisi paa la Ikulu lilikuwa linawaka, kwa sababu mpishi alikuwa amesahau sufuria ya mafuta jikoni. Mwasisi alihisi joto mgongoni. Hakugeuka. Alitabasamu, akajibu, “Njema.”

Ikulu iliteketea yote, na bendera nayo, lakini jibu lilibaki. Likachongwa kwenye nguzo ya uwanja mkuu. Likapigwa chapa kwenye sarafu, kwenye vyeti vya kuzaliwa na, kwa herufi ndogo kidogo, kwenye vyeti vya vifo.

Si kwamba watu wa Kwetu hawakuwa na shida. Walikuwa nazo kama watu wengine, lakini malezi yaliwataka waziseme mwishoni: baada ya kujibu njema, baada ya kushukuru, baada ya kuaga, mkono ukiwa tayari umeshika komeo. Hapo ndipo mtu aligeuka nusu na kusema, “Ila…” Kwa hiyo mambo yote ya kweli katika nchi hiyo yalisemwa milangoni. Madaktari walikuwa wameacha kukaa ndani ya vyumba vyao. Walihamishia viti kizingitini, wakawa wanawasubiri wagonjwa watoke. Wasiojua desturi hiyo walishangaa kuona hospitali ambayo vyumba vyake ni vitupu na milango yake imejaa.

Bi. Tunu alilelewa hivyo, naye akalea hivyo. Stara alipokuwa na umri wa miaka saba, aliingia ndani mbio, goti linavuja damu, analia, “Mama, nimeumia!”

Bi. Tunu hakuinuka. “Hivyo ndivyo watu wanavyoingia kwa watu? Rudi nje. Ingia upya, usalimie.”

Mtoto akatoka. Akapiga hodi. Akakaribishwa. Akaamkia. Akaulizwa habari za huko atokako, naye, damu imekwisha kufika kwenye kandambili, akajibu, “Njema, mama.”

“Enhe. Sasa?”

“Ila nimeumia.”

Ndipo mama alipoinuka, akaliosha goti kwa upole mkubwa, akalifunga. Jioni aliwasimulia majirani, nao wakampongeza. Kovu la goti hilo lilibaki. Stara hakurudia kosa.

*

Sera ya Ulinzi ya Kwetu iliandikwa na Profesa Nyenzi, na uzuri wake ni kwamba ilitosha kwenye kipande kimoja cha karatasi. Ilisema hivi: sisi ni watu wa amani, mtu wa amani hana adui, kwa hiyo anayevuka mpaka wetu si adui, na asiyekuwa adui, akipiga hodi, huambiwa karibu.

“Nchi nyingine zina mizinga kwa sababu hazina adabu,” Profesa alipenda kueleza kwenye mihadhara yake. “Tabia ya taifa ndiyo ukuta wake. Sisi ukuta wetu ni tabasamu.”

Jenerali Kifumbu, aliyekuwa ameingia jeshini akitamani kupigana na mtu, yeyote yule, alikuwa amezeeka akifundisha vikosi namna ya kupokea mizigo ya wageni. Medali zake zote zilikuwa za ukarimu. Alizivaa, lakini alizoea kuziangalia kama mtu anayeangalia viatu alivyopewa na visivyomtosha.

Utekelezaji wa sera ulikuwa mikononi mwa Bi. Tunu, na uliitwa Salamu ya Mpaka. Kila asubuhi aliketi mbele ya simu ya upepo, akaita vituo vyote kwa zamu. “Hodi mpakani.” “Karibu.” “Habari za mpaka?” “Njema.” “Tunashukuru.” Kisha alibonyeza kitufe chekundu, sauti ikakatika, na hali ya usalama wa taifa kwa siku hiyo ikawa imejulikana. Kanuni ilikuwa wazi: jibu la kwanza ni la dola, yanayofuata ni maongezi ya mtu binafsi, na simu ya upepo ni mali ya umma. Simu haina kizingiti. Hapakuwa na mahali pa kusimamia ili mtu aseme ila.

Kwa miaka kumi na tisa kidole cha Bi. Tunu kilikata kila sauti iliyotaka kuendelea baada ya njema. Hakuwa mtu katili. Alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu ulikuwa umemlipa kwa kumpa kitu kimoja ambacho hakukisema kwa mtu: kila asubuhi, kwa muda wa kumeza mate, alisikia sauti ya binti yake.

Mwanzoni mwa kiangazi sauti hiyo ilibadilika. “Njema, ila—” ikasema, kitufe kikafanya kazi yake. Kesho yake ikaharakisha: “Njema ila mpa—” Siku iliyofuata ikawa ya haraka zaidi, kama ya mtu anayekimbilia mlango kabla haujafungwa. Bi. Tunu aliikata, na mara nyingine tena akaikata, na kila alipokata alikaa akikiangalia kidole chake. Hatimaye, asubuhi moja, kidole kilichelewa.

“Njema, ila mpaka umesogea, mama,” alisema Stara kwa pumzi moja, kisha akashangaa kwamba bado anasikika.

“Umesogea vipi?”

Stara akaeleza. Upande wa pili kulikuwa na kanali mmoja, Kanali Tindwa, mtu mzima mwenye mvi na sauti ya taratibu. Kila kukicha alikuja kituoni akiwa na vijana wachache, akapiga hodi, akakaribishwa. Aliwauliza hali zao, nao wakamwamkia. Kisha akasema, “Wanangu, leo tunayasogeza haya mawe ya mpaka kidogo. Hakuna tatizo?”

“Nanyi mkasemaje?”

“Mama, mzee mzima amepiga hodi, ametusalimu, ameomba kwa upole. Mtu atasemaje? Tukasema hakuna tatizo.”

“Kila siku?”

“Kila siku. Na mawe… Mawe ni mazito, mama. Mzee hawezi kubeba jiwe huku vijana wamesimama wanamwangalia. Tulimpokea. Mengi tumeyabeba sisi.”

Bi. Tunu hakuweza kumlaumu. Aliitambua kazi ya mikono yake mwenyewe.

*

Alikwenda kwa Waziri. Alipiga hodi, akasalimia, akasema habari za ofisi ni njema, akashukuru, akaaga, akafika mlangoni. Mlango wa Waziri ulikuwa wa kisasa, unaojifunga wenyewe. Uliletwa kutoka ng'ambo mahususi kwa ajili ya watu wenye ila. Bi. Tunu aliuzuia kwa mguu.

“Ila, Mheshimiwa, mpaka umesogea.”

Waziri Pazia alikuwa mtu mpole mwenye uso wa mviringo, na habari mbaya zilimuumiza kweli. Ndiyo maana alijilinda nazo. “Umesogea kwenda wapi?”

“Umekuja huku.”

“Umekuja wenyewe au umeletwa?”

“Umeletwa, Mheshimiwa.”

“Na huyo aliyeuleta, alipiga hodi?”

“Alipiga.”

“Sasa tatizo liko wapi, Bi. Tunu? Lingekuwa tatizo kama angeingia kimya kimya, kama mwizi wa kuku. Mtu amepiga hodi!”

“Mguu wangu, Mheshimiwa.”

“Oo, pole sana, pole.”

“Nimeshapoa,” alijibu Bi. Tunu, huku mlango ukiendelea kumbana.

Lakini Waziri hakuwa mtu wa kupuuza. Aliunda ujumbe, akauita Ziara ya Kuujulia Hali Mpaka. Ujumbe ulikuwa wale wale wanne. Kwa kuwa safari ya Kikomo ilikuwa ya siku mbili, walifungasha mablanketi, maji, kuku wa kukaanga na chupa tatu za chai. Waliondoka alfajiri. Hawajafungua chupa ya kwanza, dereva akafunga breki.

Mawe ya mpaka yalikuwa mbele yao, meupe, yamepigwa chokaa upya, yamepangwa vizuri kuliko yalivyowahi kupangwa na serikali yao. Mstari ulipita kati ya kituo cha mafuta na choo chake.

Walishuka. Jenerali ndiye aliyesema kwanza, na labda alikusudia kusema jambo jingine, lakini malezi yalimshinda.

“Haya ni maendeleo! Enzi za ujana wangu kwenda mpakani ilikuwa siku mbili, na ukifika mgongo umekatika. Leo hata chai haijapoa.”

“Andika, Bi. Tunu,” akasema Profesa. “Serikali imeusogeza mpaka karibu na wananchi.”

“Profesa,” akasema Bi. Tunu, “Kikomo kiko wapi?”

“Kiko mbele.”

“Mbele ya mawe.”

“Mbele ni mbele, Bi. Tunu. Usiwe mtu wa kuchimba-chimba maneno.”

Wakati huo alitoka mzee mwenye mvi katika kivuli cha kituo cha mafuta, amevaa sare iliyopigwa pasi, amefungua mikono yote miwili. “Karibuni!” akaita. “Karibuni sana, wageni wangu. Jisikieni mko nyumbani.”

“Asante, tumekaribia,” wakajibu wote.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa kilichotokea hapo. Anayesema karibu ndiye mwenye nyumba. Anayesema asante ndiye mgeni. Mikataba mikubwa duniani imetiwa saini kwa wino mwingi na mabishano ya miaka, na haikukabidhi ardhi nyingi kiasi kile. Bi. Tunu alisikia sauti yake mwenyewe imo katika ile asante. Kinywa kilikuwa kimekwisha kujibu kabla akili haijafika.

Kanali Tindwa aliwapa viti, akawauliza habari, akaambiwa njema. Wakati wa kuagana alimsogelea Bi. Tunu pembeni.

“Wewe ndiye mama yake Stara? Nilijua. Mnafanana sauti. Dada yangu, una binti mwenye adabu. Umelea.”

“Nashukuru, Kanali.”

“Ila,” akasema Kanali, ambaye alikuwa ameisoma nchi ya watu vizuri kuliko profesa wao, “pale alipo sasa ni ndani kwangu, na ana bunduki. Wakubwa wangu hawapendi. Alhamisi, saa sita mchana, awe ameondoka na vijana wake. Baada ya hapo itanibidi nifuate utaratibu. Mimi mwenyewe sipendi, ila utaratibu ni utaratibu. Hakuna tatizo?”

Alikuwa ameweka mkono kifuani. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo.

“Hakuna tatizo,” alisema Bi. Tunu.

Njia nzima ya kurudi walikula kuku. Asubuhi iliyofuata, kwenye simu ya upepo, aliikiuka kanuni kwa mara ya pili, akamwambia binti yake aondoke tu, aache kila kitu, atembee. Stara alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole ule ule aliofundishwa: “Mama, mtu hatoki bila kuaga na kuruhusiwa. Wa kuniruhusu ni Baraza. Ukitaka nitoke kama mkimbizi, nitatoka, lakini wenzangu watashtakiwa kwa utoro, nawe unajua adhabu ya mtoro. Niagie barazani, mama.”

Alhamisi ndiyo siku ya kikao hiki.

*

Salamu zilipokwisha, Profesa Nyenzi aliomba kutoa utangulizi mfupi.

“Mwenyekiti,” alianza, akivua miwani ili aonekane anaona mbali, “swali lililo mbele yetu si la mawe. Mawe ni madini tu. Swali ni: sisi ni nani? Tukisema kwamba kuna tatizo, tutakuwa tumesema kwamba sisi ni watu wenye tatizo. Je, ndivyo alivyojibu Mwasisi, moto ukimchoma mgongo? Nauliza tu. Taifa linaweza kupoteza ardhi likabaki taifa. Likipoteza jibu lake, litabaki ardhi tupu.”

“Ardhi yenyewe ndiyo inayokwenda, Profesa,” akasema Bi. Tunu. “Na juu yake kuna watoto kumi na wawili.”

“Bi. Tunu, Bi. Tunu!” Jenerali alicheka kwa uchovu. “Wewe ungeshika jeshi hili, tungekuwa tumeshapigana na kila mtu mpaka wauza maji.”

“Sijaomba tupigane, Jenerali. Nimeomba amri ya kurudi. Ni maneno mawili.”

“Kurudi ni neno zito,” akasema Waziri. “Mtu akirudi, ataulizwa amerudi kutoka wapi. Akisema ametoka mpakani, ataulizwa kwa nini. Unaona linavyofungua milango? Mimi napendekeza tufanye jambo rahisi. Simu ya upepo tunayo hapa. Tumsikie sajini mwenyewe. Akisema njema, tutatoa tamko kwamba hali ni njema, tunywe chai.”

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika chache. Bi. Tunu aliondoa kile kitambaa chenye maua, akakikunja mara mbili, akakiweka pembeni. Mikono yake ilijua kazi.

“Hodi mpakani.”

“Karibu.” Sauti ya Stara ilijaa chumba. Nyuma yake ilisikika milio ya vyuma vinavyogonga udongo mkavu.

“Habari za mpaka?”

“Njema.”

Waziri akatabasamu, akawageukia wenzake. “Mmesikia wenyewe. Jibu la dola hilo. Kata, Bi. Tunu.”

Kidole kilikuwa juu ya kitufe chekundu. Kilikuwa kimekaa hapo kwa miaka kumi na tisa. Kitufe kilikuwa na kibonde kidogo kinachokitosha. Bi. Tunu akakiinua kidole, akakiweka mapajani pamoja na vingine.

“Stara.”

“Naam, mama.”

“Rudi nje. Ingia upya.”

Upande wa pili vyuma viliendelea kugonga.

“Mama?”

“Ingia upya, mwanangu. Safari hii uanze na ila.”

Kisha sauti ikaja, na haikuwa ya sajini. Ilikuwa ya mtu aliyeingia mbio.

“Ila wanachimba mashimo, mama. Nyuma ya ghala letu, tangu alfajiri. Niliwauliza ni ya nini, wakasema tusiwe na wasiwasi, ni ya kupandia miti. Ni mashimo kumi na mawili.”

Profesa alivaa miwani yake. “Mwenyekiti, hii si lugha ya Kwetu. Binti huyu hajashukuru, hajaaga—”

“Nyamaza, Akilimali,” akasema Jenerali. Alikuwa ameinama kuelekea kwenye simu, medali zake zikigonga meza. “Sajini. Jenerali hapa. Yana urefu gani?”

“Urefu wa Koplo Hoza, afande.”

“Unajuaje?”

“Walimwomba awasaidie kupima. Alilala chini wakachora. Yeye ndiye mrefu kuliko sisi wote. Walimuuliza hakuna tatizo, naye akasema hakuna.”

Waziri Pazia alikuwa amefunika uso kwa viganja. Alikuwa mpole, tumekwisha kusema, na aliumia kweli. Kutoka nyuma ya viganja alisema jambo ambalo maisha yake yote yalikuwa yamemwandaa kulisema. “Tuunde kamati ndogo. Iende, ijue, irudi. Jumatatu tukutane.”

“Mheshimiwa, Jumatatu miti itakuwa imeshapandwa.”

“Basi nifanye nini, Bi. Tunu? Niambie. Nikisema tuwaondoe, nimesema tumeshindwa. Nikisema wapigane, nimesema tuna adui. Hayo yote mawili hayamo katika sera. Hayamo hata kinywani. Nikiyatafuta siyapati.”

Bi. Tunu alimwamini. Alikuwa ameyatafuta maneno hayo hayo chini ya kivuli cha kituo cha mafuta, asiyapate. Alifikiria kupiga kelele, akaona kwamba chumba hiki kilikuwa kimejengwa mahususi kustahimili kelele; wangempa pole, naye angesema ameshapoa. Ndipo alipomkumbuka Kanali Tindwa, ambaye alikuwa amechukua robo ya nchi bila kupaza sauti.

Aliinuka. Alikwenda hadi mlangoni, akatoka, akaufunga nyuma yake. Wakasikia mlango unagongwa.

“Hodi.”

Wakaangaliana. “Karibu,” wakajibu.

Akaingia taratibu. Akamwamkia Mwenyekiti, akamwamkia Jenerali, akawauliza habari, wakasema njema, hata Profesa. Akaweka mkono kifuani. Akainamisha kichwa kidogo.

“Waheshimiwa wangu, nawarudisha watoto nyumbani. Hakuna tatizo?”

Waziri alifungua kinywa. Ilionekana wazi kwamba alitaka kusema tatizo lipo, tena ni kubwa, na alikuwa nalo hapo hapo mbele ya macho yake. Lakini mtu mzima alikuwa amepiga hodi, amesalimia, ameomba kwa upole.

“Hakuna tatizo,” alisema.

“Jenerali?”

“Hakuna tatizo.” Jenerali alilisema akiangalia meza, polepole, na huenda yeye peke yake ndiye aliyelisema kwa kukusudia.

“Profesa?”

“Kinadharia, suala hili—”

“Profesa, ndugu yangu. Hakuna tatizo?”

Midomo ya Profesa ilipambana kwa muda mfupi. “Hakuna… hakuna tatizo.”

Basi Bi. Tunu Shekivuli, Katibu, ambaye kwa kanuni za Baraza hakuwa na mamlaka ya kuamua lolote, bali ya kutangaza tu lililokwisha kuamuliwa, alisimama kati ya meza na simu ya upepo. Robo ya nchi ilikuwa imekwenda, na hakuna neno lake lililoweza kuirudisha. Hilo alilijua, na uchovu wake ulibaki pale pale. Alitangaza kwa sauti iliyosikika chumbani na iliyosikika Kikomo.

“Baraza limeamua kwamba Sajini Stara na askari wake wote waweke silaha chini, wamuage Kanali, waondoke sasa hivi, kabla ya saa sita. Wameagiwa, na wameruhusiwa. Na Baraza limeamua kwamba watakapofika, asiwepo mtu wa kuwauliza habari za huko, isipokuwa yule aliye tayari kusimama hapo mlangoni hadi asikie jibu lote.”